Mahali pa Kugeukia

Mtu aliyezaliwa chini ya mlima hudhani kwamba anaujua mlima. Nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Nilizaliwa Marangu, katika kihamba cha babu yangu, mahali ambapo ukifungua mlango wa nyuma alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, unauona Kibo umekaa juu ya migomba, mweupe kichwani, kimya. Baba yangu alikuwa mpagazi. Kwa miaka zaidi ya 20 alibeba mizigo ya wageni kutoka kijijini hadi kwenye vibanda ambavyo siku hizi vinaitwa Mandara na Horombo, na kutoka hapo hadi kibanda cha Kibo, kwenye kimo cha mita 4,700, ambapo mpagazi hushusha mzigo na kuwangoja wageni wapande kileleni na kurudi. Mimi sikupanda hata siku moja. Niliitazama barafu ile kila asubuhi ya utoto wangu, wala sikuwahi kuigusa.

Leo naishi Seattle, kaskazini-magharibi ya Marekani, na miaka niliyokaa huku imekwisha kuizidi ile niliyokaa kwetu. Mji huu nao uko kati ya milima. Upande wa mashariki ni safu ya Cascade. Upande wa magharibi, ng'ambo ya maji, ni milima ya Olympic. Watu wa hapa wana desturi ambayo baba angeicheka: mtu mwenye kazi nzuri na nyumba yenye joto hujitwika shanta la kilo 15, akaenda kulala porini juu ya ardhi, na asilipwe hata senti moja. Nami nilicheka. Kisha nikaanza kwenda.

Kosa langu la kwanza lilitokana na hesabu ya kimo. Nilipotazama ramani na kuona kwamba mlima Olympus, ulio mrefu kuliko yote katika safu ile, una mita 2,432 tu, nilitabasamu. Kibo una mita 5,895. Kihamba chetu chenyewe kiko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na pale mama yangu alikuwa akipalilia migomba na kahawa miguu mitupu. Basi kila nilipoona njia inayopanda hadi mita 1,400 au 1,500, nilisema moyoni: hicho si kimo, hilo ni shamba la mama.

Nilisahau kwamba mlima haupimwi kwa urefu peke yake. Hupimwa pia kwa umbali wake kutoka ikweta, kwa pepo zinazoupiga na kwa mwezi wa mwaka. Kwetu theluji hukaa juu kabisa, karibu na kilele. Huku, karibu na nyuzi 48 za kaskazini, pepo hufika kutoka Pasifiki zikiwa zimebeba maji, nayo huyamwaga majira yote ya baridi: bondeni yakawa mvua, juu yakawa theluji. Mwezi wa Mei, wakati mjini maua yamejaa kwenye bustani na watu wamekwisha kutoa viti nje, kimo cha shamba la mama bado chaweza kuwa kimefunikwa na theluji ya kumfika mtu kifuani.

Hayo nilifundishwa mwishoni mwa Mei 2012. Tulikwenda watu wawili, mimi na rafiki yangu mmoja mwenyeji wa Moshi, katika bonde moja la Cascade. Njia ilikuwa fupi kwenye ramani, kilomita 8 tu hadi ziwani. Asubuhi theluji ilikuwa ngumu kama sakafu, tukatembea juu yake tukijisifu. Tulivuka kijito kimoja kwa kurukaruka mawe, wala hatukukitazama mara mbili. Kufika saa sita jua lilikuwa kali, na ile sakafu ikageuka uji. Kila hatua mguu ulizama hadi pajani, ukautoa, ukazama mwingine. Karibu na miti ilikuwa mbaya zaidi, maana theluji huacha shimo lililofichika kuzunguka shina, na rafiki yangu alitumbukia katika moja hadi kifuani. Kilomita 2 zilituchukua saa tatu. Ziwa hatukuliona. Tuliporudi kwenye kile kijito, saa kumi jioni, mawe tuliyoyakanyaga asubuhi hayakuonekana. Maji yalikuwa yamefika magotini na yananguruma, kwa sababu jua lile lile lililotuchomea theluji lilikuwa likiiyeyusha mlima mzima.

Mtu mwenye busara angekaa pale hadi alfajiri, baridi ya usiku iyapunguze maji. Sisi hatukuwa na hema wala jiko, tulikuwa na haya tu. Tulishikana mikono tukaingia. Katikati rafiki yangu aliteleza, nikamshika ukosi wa koti, na kwa muda ambao siwezi kuuhesabu nilikuwa namvuta mtu mzima dhidi ya maji ya barafu huku nikimwita Mungu kwa Kichagga. Tulitoka. Alitetemeka hadi tulipofika kwenye gari, na maneno yake yakawa yanakatika kama ya mlevi. Tuliporudi nyumbani mke wangu aliuliza, "Safari ilikuwaje?" Nikasema, "Nzuri." Kwa miaka mitano sikumwambia mtu.

Nimeyaeleza haya kwanza kwa sababu bila hayo msomaji hataelewa kwa nini, katika Mei ya 2017, nilikaa siku nne na ramani juu ya meza ya chakula ili kuchagua njia moja ya kutembea na binti yangu.

Binti alikuwa na miaka 18. Mwezi wa Septemba alikuwa aondoke kwenda chuo katika jimbo la mbali. Jioni moja, tukiosha vyombo, akaniambia, "Baba, kabla sijaondoka, twende tukalale mlimani. Mimi na wewe tu." Mzazi aliyelelea watoto ugenini anajua uzito wa maneno kama hayo. Kwa miaka minne iliyotangulia mazungumzo yetu mengi yalikuwa "ndiyo" na "sawa" na mlango wa chumba unaofungwa. Nilijibu kwamba tutakwenda katika siku tatu za mapumziko ya mwisho wa Mei, wala sikuonyesha furaha yangu, nisije nikaiharibu.

Yeye alikuwa amekwisha kuchagua. Alitaka njia ya High Divide, katika Hifadhi ya Taifa ya Olympic. Ni mzunguko wa kilomita kama 30 unaoanzia kwenye bonde la mto Sol Duc, ukapanda hadi zaidi ya mita 1,500, ukapita juu ya mgongo wa mlima ambapo upande mmoja unaona maziwa yametawanyika kama sarafu na upande wa pili unautazama Olympus na barafu zake. Alikuwa na picha. Picha zile zilipigwa Agosti.

Zaidi ya hayo alikuwa na shahidi. Dada mmoja, rafiki wa familia, alipita njia ile mwishoni mwa Mei 2015, na alisema theluji aliyoikanyaga ilikuwa kidogo sana. Dada yule hakusema uongo. Lakini 2015 ulikuwa mwaka wa ajabu katika milima hii: majira ya baridi yalikuwa na joto, mvua ikanyesha mahali pa theluji, na kiangazi cha mwaka huo moto uliwaka ndani ya msitu wa mvua wa bonde la Queets, msitu ambao watu waliamini hauwezi kuungua. Mwaka 2017 haukuwa hivyo. Theluji ilikuwa nyingi. Hapo nilijifunza jambo la kwanza katika kuchagua njia wakati wa kuchipua majani: ushuhuda wa mwaka ule si ushuhuda wa mwaka huu. Kwetu ukimwuliza mtu habari za njia, swali ni je, inafika? Huku swali ni je, inafika wiki hii?

Nilipiga simu katika ofisi ya hifadhi inayotoa vibali vya kulala porini. Kuuliza si ujinga. Sauti ya mama mmoja ilinijibu kwa upole. Nilipomtajia High Divide hakuniambia nisiende. Aliniuliza tu: "Mna mashoka ya barafu?" Nikasema hatuna. "Mnajua kujizuia kwa shoka mkiteleza kwenye mteremko?" Nikasema hatujui. "Mnaweza kuitafuta njia kwa ramani na dira, ikiwa alama zote zimefunikwa?" Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Ulikuwa ukimya wa heshima, na ulinitosha.

Basi nikairudia ramani nikiwa na maswali mengine. Niliacha kuuliza ni wapi pazuri. Niliuliza: theluji inaanzia kimo gani wiki hii, na njia inakaa juu ya kimo hicho kwa kilomita ngapi? Mteremko unatazama wapi? Maana upande wa kaskazini, usiopata jua, huweka theluji majuma mengi baada ya upande wa kusini kukauka. Vijito vinavukwa kwa daraja au kwa miguu? Tukishindwa, tunaweza kurudi kwa njia tuliyoijia, au mzunguko utatulazimisha kusonga mbele? Swali hili la mwisho ndilo lililoiondoa High Divide kabisa. Njia ya mzunguko ina hila: ukifika nusu, moyo unakwambia kwamba mbele na nyuma ni sawa, na hapo watu huendelea mahali walipopaswa kugeuka.

Nilichagua bonde la mto Hoh. Njia yake inaanzia katika msitu wa mvua, chini ya mita 200 juu ya bahari, na kwa karibu kilomita 15 za kwanza inafuata mto kwa upole hata mtu hajui kama anapanda. Hapo kuna uwanda wa nyasi na kituo cha askari wa hifadhi kiitwacho Olympus, na watu huruhusiwa kupiga hema. Baada ya hapo njia inaendelea, inavuka korongo kwa daraja la juu, kisha inapanda kwa ukali kupita ziwa Elk hadi Glacier Meadows, kilomita 28 kutoka mwanzo, karibu na mguu wa Barafu ya Buluu ya mlima Olympus. Mtu anaweza kugeuka popote, na njia ya kurudi ni ile ile aliyokwisha kuiona. Theluji ikitukuta, itatukuta mbali na mbele yetu, si chini yetu na nyuma yetu.

Binti alipoisikia alikunja uso. "Baba, hiyo ni njia ya wazee na watoto."

"Basi inatufaa," nikasema. "Mimi mzee, wewe mtoto."

Hakucheka. Nilihisi mlango ukitaka kufungwa tena. Nikamwambia tufanye mapatano: tupige hema kwenye kilomita ya 15, tulale hapo siku mbili, na siku ya katikati tuache mizigo tupande tukiwa wepesi hadi tutakapofika. Lakini saa sita mchana kamili, popote tutakapokuwa, tunageuka. Hata kama zimebaki hatua kumi. Aliniangalia. "Hata kama zimebaki hatua kumi?" Nikasema ndiyo. Akanipa mkono, kama watu wanaouziana ng'ombe.

Msitu wa Hoh hupata mvua ya zaidi ya mita tatu kwa mwaka. Miti yake, hasa ile ya jamii ya msonobari iitwayo sprusi, inapanda hadi shingo inauma kuitazama, na kila tawi limevikwa ukoga mnene wa kijani unaoning'inia kama ndevu. Chini ni kangaga tupu. Nilipoingia mle nilisimama. Ilikuwa harufu ya msitu ulio juu ya Marangu, kule mifongo yetu inakochukua maji: harufu ya udongo usiokauka kamwe. Binti alikuwa mbele, shanta lake la rangi ya machungwa likiyumba, na nilimwona amesimama pia. Kundi la elki, kulungu wakubwa wenye shingo nyeusi, lilikuwa linavuka njia taratibu bila kutujali. Tukangoja wapite. Hakuna aliyesema neno, na sikuona haja.

Jioni, baada ya kupiga hema, nilichomeka kijiti kwenye changarawe pale maji yalipoishia. Mto Hoh una rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu, kwa sababu ya unga wa mawe yanayosagwa na barafu juu mlimani. Huku jua la mwisho wa Mei huzama karibu saa tatu usiku, na mtu wa ikweta hudanganywa na mwanga ule: anaona kumekucha bado, kumbe siku imechoka. Tulipokwenda kuosha sufuria kabla ya kulala, kijiti kilikuwa ndani ya maji kwa upana wa kiganja. Asubuhi, saa kumi na mbili, kilikuwa nchi kavu na mto umerudi nyuma hatua mbili. Binti alichutama akakitazama muda mrefu. "Kwa hiyo mto una saa yake," akasema.

Usiku ule wa kwanza, chakula kimekwisha kufungiwa katika kopo gumu kwa ajili ya dubu, nilimweleza habari ya 2012. Nilimweleza yote, hata ile "nzuri" niliyomwambia mama yake. Kisha nikamweleza habari ya babu yake, ambayo pia sikuwa nimemweleza. Mwaka mmoja, mimi nikiwa bado shuleni, baba alipanda na wageni waliokuwa na haraka. Hali ya hewa ilichafuka juu ya Horombo. Wapagazi waliona mawingu, wakajua, lakini mpagazi hachagui njia wala saa; mwenye mzigo ndiye huchagua. Wakaambiwa waendelee. Viatu vya baba vilikuwa vya mpira. Alirudi nyumbani siku ya nne akiwa na vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekuwa vyeusi, na vidole hivyo havikupona. Hakuwahi kuwalaumu wale wageni mbele yetu. Alisema tu, "Sikuwa na mdomo."

Binti aliuliza, "Babu alifika juu siku hiyo?"

"Babu yako alikuwa anafika pale anapoambiwa."

Tulikaa tukisikiliza mto.

Siku ya pili tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, tukiwa na maji, mkate, makoti ya mvua, nguo kavu za sufu na tochi. Tulifika kwenye daraja la korongo kabla ya saa tatu. Tulisimama katikati yake, mto ukiwa chini sana kati ya kuta za mawe, upepo wa baridi ukipanda kutoka humo. Baada ya daraja njia ilianza kupanda kweli. Theluji ilianza kwa vipande vilivyochafuka, vyenye sindano za misonobari juu yake. Kisha vipande vikakaribiana. Kisha, juu kidogo ya ziwa, havikuwa vipande tena. Njia ilipotea chini. Tulifuata nyayo za watu.

Hapo ndipo tulipokutana na vijana wawili wakishuka. Suruali zao zilikuwa zimelowa hadi mapajani. Walisema walifika kwenye korongo dogo lililo karibu na Glacier Meadows, wakalikuta limejaa theluji ngumu iliyolala kwa mteremko mkali, wakaogopa wakarudi. Walisema pia kwamba kabla ya hapo kuna mahali unapoona barafu kati ya miti.

Naam, ndugu msomaji, sasa nifike pale ninapoona haya. Saa yangu ilisema sita kasoro dakika ishirini. Nilisikia neno moja tu katika maneno yao, nalo ni barafu. Nilihisi kitu kimeamka ndani yangu ambacho sikujua kama kipo. Miaka yote ile ya kuitazama Kibo kutoka mlango wa nyuma. Baba aliyekuwa akipanda kila wiki na kurudi bila kusimulia. Zile habari tunazosoma kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na kwamba barafu za huku nazo zinarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Nikawaza: nitakufa sijaigusa. Nikawaza: ni karibu. Nikaanza kupanda kwa kasi, mbele ya binti, nikipiga ncha ya kiatu kwenye theluji ambayo tayari ilikuwa inalainika. Mguu ukazama hadi gotini. Nikautoa. Ukazama tena.

Sijui nilikwenda muda gani. Nilisikia sauti nyuma yangu, wala haikuwa kubwa.

"Baba. Ni saa sita."

Niligeuka. Alikuwa amesimama hatua kama kumi chini yangu, mkono wa saa ameuinua. Hakuwa na hasira wala ushindi usoni. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri kwa sababu ndiyo maneno niliyoyahofia siku zote kutoka kwa mwingine: "Kidogo tu. Ni pale."

Akasema, "Hata kama zimebaki hatua kumi."

Nilitazama juu. Kati ya miti kulikuwa na mwanga mweupe ambao ungeweza kuwa barafu, au wingu, au theluji ya kawaida tu. Mpaka leo sijui ulikuwa nini. Nilishuka kwake. Aliponiona nimefika alinishika kiwiko, kama unavyomshika mzee kwenye ngazi, kisha akaona ninavyomtazama akaniachia, na sote wawili tukacheka hadi machozi.

Tuliporudi bondeni saa kumi alasiri, vijito vilivyokuwa vinanong'ona asubuhi vilikuwa vinapiga kelele chini ya magogo. Tulivivuka vyote tukiwa wakavu. Kama tungeongeza saa mbili kule juu, sijui. Huenda lisingetupata lolote. Watu wengi huvunja mapatano yao na mlima wakarudi salama, na hilo ndilo huwafanya wavunje tena.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya neno kuchagua. Nilidhani nilichagua njia mezani, nikiwa na ramani, simu na kalamu, na kwamba kazi ilikwisha pale. Kumbe ramani ilinisaidia tu kuchagua mahali ambapo kugeuka kungewezekana. Uchaguzi wenyewe ulikuja kwenye theluji laini, mwenye hekima wa safari akiwa amelewa tamaa, na uliamuliwa na yule niliyemwita mtoto. Nilikuwa nimekwenda kumlinda binti yangu dhidi ya mlima, wala sikujua kwamba ningekuwa mimi wa kulindwa.

Namfikiria pia baba. Alikuwa na macho ya kuyajua mawingu kuliko mtu yeyote katika msafara ule, lakini hakuwa na mdomo. Hasara yake ya vidole viwili haikutokana na ujinga wa mlima. Ilitokana na mapatano ambayo yeye hakushirikishwa. Ndiyo maana siku hizi watu wakiniuliza juu ya safari za kulala milimani wakati theluji bado ipo, nawaambia yale ya kawaida: ulizeni theluji ya wiki hii, si ya mwaka jana, chagueni bonde kabla ya mgongo wa mlima, vukeni maji asubuhi, msiende kwa mzunguko msioujua, bebeni nguo kavu. Kisha naongeza moja: kabla ya kuondoka, kubalianeni saa ya kugeuka, na kila mtu katika msafara, hata mdogo kuliko wote, awe na mdomo wa kuitaja.

Binti yangu sasa ni mtu mzima na ana milima yake, mbali na hapa. Kila anapokwenda kulala huko hunitumia ujumbe: jina la njia, jina la aliyefuatana naye, na saa. Haandiki maneno mengi. Nami hujibu "sawa", neno lile lile lililokuwa likiniudhi zamani, kisha naiandika saa ile kwenye kikaratasi na kukibandika jikoni. Ikifika, popote nilipo, naitazama. Nasema moyoni: sasa anageuka.